Nimeizoea hadi sihisi kitu. Je, nimeharibika?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 16 na ndiye mtoto wa kwanza nyumbani. Miezi miwili iliyopita mwenzangu wa darasani alituma video kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakuandika neno, aliweka tu kikatuni cha kucheka. Nikaifungua nikijua ni kichekesho. Kumbe ni mtu anapigwa na umati mpaka anakata roho. Siyo filamu, Shangazi, ni kweli kabisa. Sauti yake ndiyo iliyonikaa zaidi.

Usiku ule sikulala. Kesho yake wenzangu wakawa wanaizungumzia, mmoja akasema aliyeshindwa kuimaliza ni mtoto. Nikarudi kuitazama peke yangu ili niizoee. Baadaye nikaanza kutafuta nyingine za namna ile, na simu nayo ikawa inaniletea hata nisipotafuta. Siku hizi naziangalia bila kushtuka. Lakini usiku naota ndoto mbaya, na mlango ukigongwa kwa nguvu moyo unanienda mbio.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzi mdogo wangu wa kike alianguka akachubuka goti, damu ikawa inatoka, analia. Nilisimama namwangalia tu. Sikuhisi chochote. Mama akaja kumbeba, akaniuliza, "Wewe una moyo wa namna gani?" Anasema ni gemu za kupigana ndizo zilizonigeuza, na amezichukua zote. Gemu nacheza tangu utotoni na hazijawahi kuninyima usingizi. Ila nimeshindwa kumweleza habari za video kwa sababu ataniuliza kwa nini sikufuta.

Niambie ukweli. Nimeharibika? Nitakuja kuwa katili? Na je, nijitoe kwenye lile kundi? Nikijitoa watajua sababu.

Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako zito, nisikuache ukisoma maneno mengi huku roho iko juu. Hujaharibika. Umeumia. Uliona mtu akiuawa, ukaona ukiwa peke yako, na baada ya hapo hakuna mtu mzima aliyekaa na wewe kukuuliza umebakije. Mwili wako umefanya yale ambayo miili ya watu hufanya ikikutana na jambo lililozidi uwezo wake.

Hebu isome tena barua yako. Unaniambia huhisi kitu, kisha unaniambia moyo unakwenda mbio mlango ukigongwa, unaota, na sauti ya yule mtu ingali masikioni. Hisia zako zipo, tena ni nyingi. Mchana zimejifungia, usiku zinatoka. Wanaotibu watu waliopata kiwewe wanalijua hili vizuri: ganzi na mshtuko hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, wakati mwingine ndani ya siku moja. Ganzi hupunguza maumivu, lakini haichagui cha kupunguza. Ikishashuka inafunika mabaya na mazuri, na ndiyo iliyofunika kilio cha mdogo wako. Umesema jambo hilo ndilo lililokufanya uandike. Basi upendo wako kwake ndio ulioshika kalamu, hata kama siku ile haukufika usoni.

Sasa tuzungumze kuhusu kuirudia ile video, maana naona hapo ndipo aibu yako ilipo na ndipo ulipomficha mama. Watu wengi walioona jambo la kutisha hulirudia. Mmoja atalirudia kichwani, mwingine ataitafuta picha aitazame upya. Kuna anayetafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine, na kuna anayetaka kujihakikishia kwamba safari hii atastahimili. Wewe uliongezewa na maneno ya mwenzako, kwamba asiyemaliza ni mtoto. Nani mwenye miaka 16 anataka kuitwa mtoto mbele ya wenzake? Sikulaumu hata kidogo. Ila lazima nikwambie wazi kwamba dawa uliyojichagulia ndiyo inayokuumiza.

Nikupe mfano wa kweli. Mwezi Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathon za Boston, Marekani. Watafiti Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Cohen Silver waliwafuatilia maelfu ya watu katika wiki zilizofuata, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Watu waliotumia saa 6 au zaidi kila siku, katika wiki ile ya kwanza, wakitazama na kusoma habari za milipuko walieleza msongo mkubwa kuliko watu waliokuwepo penyewe au karibu na pale. Tulia kidogo uliwaze jambo hilo. Tukio lenyewe lilitokea mara moja likapita, lakini kwenye skrini lilitokea upya kila mtu alipobonyeza. Na wewe umekuwa ukibonyeza kwa miezi miwili.

Na yule aliyesema asiyemaliza ni mtoto, hajui anachosema. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi iliyofunguliwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua picha na video zilizowekwa kwenye mtandao huo, wakiwemo waliosema kutazama mauaji na mateso siku baada ya siku kuliwaharibia afya ya akili. Wale ni watu wazima. Walilipwa mshahara, na kila asubuhi walijua wanakwenda kukutana na nini. Wewe uliletewa mauaji yakiwa yamewekewa kikatuni cha kucheka.

Hilo linanipeleka kwa mama yako na gemu. Mwanangu, uko sahihi kwa sehemu kubwa, ila usimwone mama mjinga. Aliona mtoto wake amebadilika, akashika kile alichokiona mbele yake. Wataalamu wenyewe wamebishana kuhusu gemu kwa miaka mingi. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti uliohusisha vijana wa Uingereza zaidi ya 1,000 wenye miaka 14 na 15. Hawakutegemea maneno ya vijana peke yao, waliwauliza na wazazi kuhusu tabia za watoto wao, na hawakuona uhusiano kati ya gemu za kupigana na ugomvi wa vijana hao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilisema ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu hizo na vitendo vya kikatili, ingawa kilitaja uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Kwa hiyo siwezi kukwambia hazina neno kabisa. Gemu iliyowekewa alama ya miaka 18 imewekewa kwa sababu, na gemu ya saa nane usiku inakula usingizi hata iwe ya kupanga maua. Lakini katika gemu hata mwili wako unajua kwamba aliyeanguka atasimama raundi ijayo. Yule wa kwenye video hakusimama. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mama yako hawezi kuiona mpaka umwambie.

Umeuliza kama utakuwa katili. Kuona ukatili hakumfanyi mtu kuwa katili. Vijana wengi wameyaona mabaya makubwa, wengine kwa macho yao wenyewe bila skrini yoyote, na wamekua watu wenye huruma sana. Ninachokiogopa mimi ni ile alama ya kucheka. Ni ile tabia ya kumfanya anayekufa awe burudani ya kundi, kisha kumpitisha kwa kundi lingine. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, huku akirusha mauaji yale moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni hiyo ilisema ndani ya saa 24 za kwanza iliondoa video milioni 1.5 za shambulio lile. Nyuma ya nakala hizo kulikuwa na watu waliobonyeza, wengi wao wakiwa hawamjui muuaji wala hawamuungi mkono. New Zealand ikaipiga marufuku, ikawa hata kuwa nayo kwenye simu ni kosa. Mimi naliona hilo ni jambo la haki. Mtu yule mliyemtazama ninyi ana mama yake mahali fulani, labda na mdogo wake pia, na kila simu inayoihifadhi ile video inamuua tena mbele yao.

Kwa hiyo ifute leo. Usiifungue kwanza kuagana nayo, ifute bila kuifungua. Kisha ingia kwenye picha za simu uangalie kama imejihifadhi huko, na kwenye kapu la vilivyofutwa, kwa sababu simu nyingi hukaa na kitu kwa siku kadhaa kabla ya kukiondoa kabisa. Ukiwa bado kwenye simu, fungua mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, uzime na ule wa kuhifadhi kila kitu kwenye picha zako. Kuanzia hapo hakuna video itakayoingia bila wewe kuamua. Kwenye mitandao ya video fupi, kila inayokuja ya namna ile ibonyeze kwa muda mrefu uchague kwamba huipendi, uondoke haraka. Mitambo ile inapima muda unaokaa kwenye video. Haijui kama ulikaa kwa kufurahia au kwa kuganda kwa hofu, inachojua ni kwamba ulikaa, na itakuletea nyingine. Ndiyo maana zilikuwa zinakufuata. Hukuwa na laana wala roho mbaya, ulikuwa na mtambo unaohesabu sekunde.

Picha zilizomo kichwani hazifutiki hivyo, na usijaribu kuzifukuza kwa nguvu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe. Wakamfikiria vilevile. Kisha waliporuhusiwa, wakamfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa. Kwa hiyo picha ikija, iseme ilivyo: "Hii ni ile video, imerudi, itaondoka." Angalia ulipo. Taja vitu unavyoviona chumbani. Weka miguu chini uisikie sakafu. Halafu yape macho na mikono kazi ya kufanya kwa pamoja, kama kuchora, kupanga vipande vya fumbo, kufuma au kutengeneza kitu kilichoharibika. Mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake walipokuwa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo watu walioonyeshwa filamu yenye matukio ya kutisha, kisha wakacheza Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka kwenye skrini, kwa muda mfupi, walipata picha za ghafla chache zaidi katika wiki iliyofuata. Wao walicheza muda mfupi tu baada ya kutazama, kwa hiyo sikuahidi kwamba itafuta miezi miwili. Lakini kazi ya macho na mikono huibana nafasi ambayo picha ile inaitaka, na unaweza kumwomba mama akurudishie gemu moja ya kupanga vipande kwa ajili hiyo.

Ndoto nazo zina njia yake, na hii naipenda kwa sababu utaifanya wewe mwenyewe. Mchana, siyo usiku, chukua daftari uandike ndoto moja inayokusumbua. Usianze na ile mbaya kuliko zote. Kisha ibadilishe unavyotaka. Watu waje wamwokoe yule mtu, au mlango ufunguke atoke, au ndoto iende mahali pengine kabisa. Ukishaibadilisha, ile ya kwanza iache. Ipitie hii mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, ukiiona kwa rangi zake na sauti zake. Daktari Barry Krakow na wenzake waliijaribu njia hii kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono na waliosumbuliwa na jinamizi kwa miaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha jinamizi limepungua na usingizi umekuwa bora. Ipe wiki kadhaa. Na simu ilale chumba kingine.

Lililo kubwa kuliko haya yote ni kumwambia mama. Najua unalikwepa. Umekuwa ukiibeba maiti ya mtu usiyemjua kwa miezi miwili, na nyumba nzima inadhani ugonjwa ni gemu. Chagua wakati ambao hana haraka. Mwambie hivi: "Mama, nina jambo zito, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujasema. Nilitumiwa video ya mtu akiuawa. Niliitazama, nikaitazama tena. Tangu siku ile silali vizuri, na ndiyo sababu siku ile mdogo wangu alipoanguka nilisimama tu. Nimeifuta. Nahitaji msaada wako." Hayo yanatosha. Ukishindwa kuyasema kwa mdomo, mpe barua hii aisome. Kama kwa sababu yoyote mama haiwezekani, mtafute mtu mzima mwingine unayemwamini, mwalimu, mjomba, baba mdogo, kiongozi wako wa dini. Mwenzako wa darasani anaweza kukusikiliza, lakini hili linahitaji mtu aliyekuzidi umri.

Naye akiuliza kwa nini hukufuta? Mjibu ukweli: "Niliogopa, na nilitaka niizoee."

Hapa naomba niseme na mama huyu, na wazazi wengine wanaosoma. Dada yangu, mtoto akikujia na habari hii, zuia swali la kwa nini. Muulize aliona nini na kimemwachaje. Usimwombe akuonyeshe video. Usimnyang'anye simu saa hiyohiyo, hata kama mkono unawasha, kwa sababu atajifunza kwamba kusema ukweli kunagharimu simu, na yatakayofuata hutayasikia kamwe. Mipaka ya simu mtaipanga pamoja siku nyingine. Ile kauli ya "una moyo wa namna gani" naelewa ilitoka kwa hofu, lakini mwanao ameibeba kama hukumu, na ni wewe tu unayeweza kuiondoa. Mwambie kwamba moyo wake unaujua tangu alipozaliwa.

Rudi kwangu, mwanangu. Kuhusu mdogo wako, usisubiri hisia zirudi kwanza ndipo umwendee. Nenda leo umuulize goti limepona? Mwambie, "Siku ile ulipoanguka sikukuinua, nisamehe." Kaa naye acheze, umsaidie kazi zake za shule. Mara nyingi mikono hutangulia na moyo hufuata baadaye, na watoto wadogo husamehe upesi sana.

Umeniambia ni miezi miwili. Dalili kama hizi zikivuka mwezi mmoja bila kupungua, ni haki yako kuonwa na mtaalamu. Kwa hiyo pamoja na mama mwende kwa daktari au mshauri nasaha mmweleze yote, ikiwemo video. Matibabu ya mazungumzo kwa vijana wenye kiwewe yapo na yanasaidia. Na ikitokea wakati wowote ukawaza kufa, kujiumiza au kumuumiza mtu, usingoje miadi wala jibu langu. Mwamshe mtu mzima saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, umwambie kwa maneno hayohayo.

Limebaki kundi. Ukitaka kutoka, toka. Tangu mwaka 2022 WhatsApp huwapa taarifa wasimamizi peke yao mtu anapojitoa, ingawa anayetafuta orodha ya waliotoka karibuni atakuona. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayejua. Lakini kama una nguvu kidogo, kuna jambo ningependa ulijaribu kabla ya kutoka. Andika mstari mmoja: "Jamani, ile video ilininyima usingizi. Tafadhali tusitumiane tena za watu kuuawa." Wawili watatu watacheka, hilo lijue mapema, na wakicheka unajitoa bila deni. Ila katika kundi la vijana waliotazama mtu akifa, siamini kwamba ni wewe peke yako usiyelala. Huenda hata yule aliyeituma aliweka kicheko kwa sababu hakujua aweke nini. Mmoja wao akikuandikia pembeni kwamba hata yeye, msikilize, halafu mwambie naye akamweleze mtu mzima wa kwao, na kama anaogopa kwenda peke yake, msindikize.

Shangazi yako